Simu inanila swala ya alfajiri

Muulizaji: Assalaam alaykum. Kila usiku najiambia dakika tano tu za simu, nikija kushtuka ni saa nane. Alfajiri nazima kengele kwa kidole gumba, macho yamefumba. Hata nikiwahi, nikisema tu Allahu Akbar, video za jana zinaanza kucheza kichwani. Nimeapa wallahi kuacha, mara tatu. Naanzia wapi?

Jibu: Wa alaykum salaam. Kwanza acha viapo. Kiapo kikivunjwa kina kafara: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Kisha simu ikalale nje ya chumba. Yangu naiweka juu ya kabati ukumbini, kengele imepandishwa hadi mwisho. Nikishaifikia, bomba liko hatua tatu mbele. Unaijua hadithi ya mafundo matatu ya shetani kisogoni mwa aliyelala? Ukiamka ukamtaja Allah linafunguka moja, ukitawadha la pili, ukiswali la tatu. Langu gumu ni la pili. Maji ya baridi jamani!

Jibu: Kuhusu mawazo ndani ya swala, Uthman bin Abil-As alimlalamikia Mtume (s.a.w.) hilohilo. Akaambiwa huyo ni shetani aitwaye Khinzab. Aombe kinga kwa Allah na ateme kidogo kushotoni mara tatu.

Muulizaji: Allah awalipe. Jana nimewahi, leo nimechelewa, ila simu imelala jikoni siku zote mbili. Ya kafara sikuyajua. Mfukoni sina kitu, nafunga kuanzia Jumatatu.