Kaka yangu anaamini Breaking Bad ina mwisho mwingine uliofichwa, naombeni ushauri (kuna spoila)

Binti_Sebuleni

Habari zenu wakuu. Kama hujamaliza Breaking Bad, ile tamthilia ya Walt mwalimu wa kemia anayegeuka mpika dawa za kulevya na Jesse mwanafunzi wake wa zamani, tafadhali ishia hapa hapa maana nitataja mambo yote ya mwisho.

Mimi na kaka yangu tumeiangalia pamoja kuanzia episodi ya kwanza mpaka ya 62, sizoni zote tano, na tulikua na sheria moja tu, hakuna kumtangulia mwenzako hata dakika kumi. Kaka sio mtu wa maneno mengi, ila ikiisha episodi tunabaki tumekaa pale pale tunabishana kuhusu Walt mpaka usingizi unatushika, na kiukweli sijawahi kuongea na kaka yangu kiasi kile toka tukiwa wadogo.

Tumemaliza Felina, episodi ya mwisho, wiki mbili zilizopita. Mimi nililia. Yeye alinyanyuka akazima akasema huu sio mwisho, akaenda kulala. Nikajua ni hasira tu itapita. Kesho yake akanionyesha klipu, Walt anashtuka kitandani usiku anamwambia mke wake ameota ndoto mbaya, na mke mwenyewe sio Skyler ni mama mwingine kabisa, kaka anasema huo ndo mwisho halisi waliuondoa dakika za mwisho. Nikambishia. Siku mbili mbele akaja na jingine, eti Walt alifia ndani ya lile gari lenye theluji na yote yanayofuata ni mawazo ya mtu anayekufa. Halafu sasa ameshikilia la tatu, kwamba kuna toleo ambalo Jesse anampiga Walt risasi, lilirekodiwa likafungiwa kabatini.

Mimi nilikosea, nilimwambia anapoteza muda na uvumi. Toka siku hiyo hatuongei hizi habari, na El Camino, ile filamu ya mwendelezo tuliyopanga kuangalia pamoja, amesema niangalie mwenyewe. Naombeni mnisaidie mambo mawili. Je, kuna ukweli wowote kwenye hizo miisho mingine? Na nimwendee vipi kaka yangu bila kumfanya ajione mjinga, maana sio mjinga hata kidogo.

Mkanda_wa_Zamani

Pole sana dada. Nianze na ile ya kitandani. Hiyo klipu ni ya kweli kwa maana kwamba waigizaji ni wale wale na ilirekodiwa rasmi, ila sio mwisho ulioondolewa. Bryan Cranston kabla ya kuwa Walt aliigiza baba kwenye komedi ya Malcolm in the Middle, ilianza 2000 ikaisha 2006, na huyo mama unayemuona kitandani ni Jane Kaczmarek aliyekua mke wake kule. Walipotoa seti ya diski za Breaking Bad mwaka 2013 wakaweka hiyo kama zawadi kwa mashabiki, kwamba yule baba mpole aliota kuwa muuza dawa za kulevya. Ukiangalia mpaka mwisho utaona kamera inaishia kwenye kofia ya Heisenberg, lile jina la Walt la uhalifu. Kwahiyo kaka yako hajadanganywa kwamba ipo, amedanganywa tu kazi yake ni nini. Mwambie hivyo hivyo, kuna tofauti kubwa hapo.

Nyuki_Mweusi

Hiyo ya gari kwenye theluji nimewahi kuiamini mwaka mzima, sio siri. Ina mvuto wake jamani. Walt amekaa kwenye gari sio lake, nje polisi wanapita na taa zao, anaomba afike nyumbani tu, ghafla funguo inamdondokea kutoka juu na kuanzia hapo kila anachogusa kinanyooka. Anaingia kwa Gretchen na Elliott, wenzake wa zamani wa biashara, bila mtu kumuona. Anaingia jikoni kwa Skyler na nyumba inalindwa. Sumu inamfikia Lydia, mshirika wake wa dawa, kwenye chai. Rashasha inawamaliza wote karibu kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyeteseka sizoni tano hajawahi kuwa na siku moja kama hiyo, lazima ujiulize.

Kilichonitoa kwenye hiyo imani ni sanduku la mbao. Unakumbuka kule sizoni ya tatu Jesse anawasimulia wale wenzake wa kikundi cha kuacha dawa kwamba shuleni alitengeneza sanduku zuri kwa mikono yake, halafu anakiri alilibadilisha na bangi? Walt hakuwepo chumbani pale. Sasa kwenye Felina tunamuona Jesse anachonga lile sanduku taratibu kwenye mwanga mzuri, halafu mnyororo unamvuta na tunagundua yuko utumwani anapika. Kama yote ni ndoto ya Walt, hilo sanduku amelitoa wapi? Hakulijua kabisa. Hiyo sekunde ni ya Jesse peke yake.

Binti_Sebuleni

Nyuki_Mweusi umenipa mwili kusisimka. Sikuwahi kuliunganisha lile sanduku na kile kikao cha sizoni ya tatu. Asante sana, na wewe Mkanda pia.

Kapteni_Usiku

Mimi nitasimama na kaka kidogo kama mtaniruhusu. Dada umesema alizima akasema huu sio mwisho, mimi namuelewa kabisa. Walt amemuangalia Jane mpenzi wa Jesse akikabwa na matapishi mpaka akafa na hakunyoosha mkono, amempa sumu mtoto Brock, amemtoa Jesse kwa wale wauaji kwa mdomo wake mwenyewe na akamwambia habari za Jane usoni ili aumie zaidi. Halafu mwisho anapata nini? Hela zinafika kwa mwanae, maadui wote chini, anaomba msamaha wa nusu kwa Skyler kwa kukiri alifanya kwa ajili yake mwenyewe, anakufa amezungukwa na mitambo anayoipenda. Amepewa kila kitu. Mtu aliyempenda Jesse toka mwanzo atatafuta mwisho mwingine hata chini ya godoro, na hilo sio kosa, ni moyo kukataa.

Mkanda_wa_Zamani

Kapteni sikupingi kwenye uchungu, ila hapo kwenye "amepewa kila kitu" hapana. Flynn mwanae alimwambia kwenye simu si ufe tu, na hawakuongea tena. Anamuangalia akitoka shule kwa mbali nyuma ya kioo. Hela zenyewe hazitafika kwa jina lake. Hank shemeji yake amezikwa jangwani kwa sababu yake. Mimi hapo sioni ushindi.

Kapteni_Usiku

Sawa nakubali la Flynn, lile liliniuma. Ila bado naona alikufa na tabasamu.

Mama_Wawili

Mwanangu Binti, mimi nimefuatilia tamthilia za uhalifu kabla wengi wenu hamjaanza kuangalia. Juni 2007 The Sopranos iliisha skrini ikawa nyeusi ghafla Tony, bosi wa mafia, akiwa mgahawani na familia yake, watu wakadhani matangazo yamekatika. Mpaka leo wapo wanaobishana kama alikufa. David Chase aliyeitunga amekuja kueleza kwamba awali alifikiria Tony arudi New York kupitia lile handaki kwenda kwenye kikao na huko ndo auawe, yaani kinyume cha pale mwanzo wa kila episodi anapotoka handakini kurudi nyumbani. Watu waliposikia wakasema ahaa, kumbe mwisho wa kweli ni ule. Hapana. Ule ni mwisho aliouwaza akauacha. Mtunzi anawaza mingi, ila anachokirusha ndicho anachokisimamia.

Kwahiyo hata kaka yako akikuambia kulikua na mawazo mengine, atakua sahihi, yalikuwepo.

Nyuki_Mweusi

Yalikuwepo na Vince Gilligan, mtunzi wa Breaking Bad, mwenyewe ameyasema. Ile rashasha M60 Walt anayoinunua mwanzo wa sizoni ya tano, waandishi waliiweka wakiwa hawajui itatumika vipi! Wakakaa chumbani wakawa wanahangaika nayo, na kuna wakati walifikiria Walt avamie jela nayo akamtoe Jesse. Na nyuma zaidi, mpango wa kwanza kabisa ulikua Jesse afe mwishoni mwa sizoni ya kwanza, ila Gilligan akasema alivyomuona Aaron Paul, aliyecheza Jesse, anavyoigiza akaliacha hilo wazo. Hebu fikiria hii tamthilia bila Jesse.

Ila kuongea chumbani na kurekodi ni vitu viwili. Hiyo ya tatu ya kaka yako, Jesse kumpiga Walt risasi halafu ikafungiwa, muulize ameiona? Au amesimuliwa na mtu aliyesimuliwa? Nilivyoona kila anayeisimulia anaisimulia tofauti, mmoja anasema ni maabara, mwingine ni jangwani.

Kijana_wa_Remote

Tahadhari na Dexter hapa, ile tamthilia ya muuaji, asiyeimaliza aruke.

Miisho mingine wakati mwingine inageuka kweli na sio lazima ikufurahishe. Dexter iliisha Septemba 2013 jamaa anaishia kukata magogo, mashabiki tukakasirika sana. Clyde Phillips aliyeiongoza sizoni nne za kwanza akaja kusema yeye angemlaza kwenye kitanda cha kuuawa kwa sindano ya sumu huku anawaona wote aliowaua. Nikawa naulilia huo mwisho miaka. Baadae huyo huyo Phillips akarudishwa kwa New Blood, na mwisho wake Januari 2022 Dexter anapigwa risasi na mwanae wa kumzaa. Nikasema basi, imefungwa. Mwaka 2025 inakuja Resurrection na jamaa yuko hai. Hivi sasa ukiniuliza Dexter iliishaje siwezi kukujibu, na inaniuma kwa sababu kile kifo cha kwenye theluji nilikua nimeshakikubali.

Mwambie bro ashukuru Gilligan hakufungua tena lile jeneza. Walt amekufa, Gilligan alishathibitisha kipindi El Camino inatoka 2019. Kilichomo kwenye El Camino sikuharibii.

Bw_Mapema

Dada mimi naona mmeshajibu swali la kwanza sana, la pili limebaki. Usiende kwa kaka yako na haya majibu kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani, atafunga mlango. Yeye hatafuti klipu. Hebu angalia mtiririko, alianza na ndoto, akaja kifo cha garini, amefika Jesse anampiga Walt risasi. Kila mara anasogea karibu zaidi na Jesse. Muulize alitaka Jesse apate nini. Kaa kimya umsikilize, hata kama itachukua usiku mzima. Halafu muombe mrudie Granite State, ile ya kabla ya mwisho, na Felina mfululizo bila kusimamisha.

Mama_Wawili

Bw_Mapema umesema vyema. Na umuombe samahani kwanza kabla ya chochote.

Binti_Sebuleni

Nimerudi wakuu, samahani nimekaa kimya siku tatu.

Nilimuomba samahani. Akasema hamna neno, mkato kama kawaida yake. Nikamuuliza alitaka Jesse apate nini, akanyamaza sana mpaka nikahisi nimeharibu, halafu akaanza kuongea na hakuacha. Akasema Jesse ameamrishwa toka episodi ya kwanza, pika, ua, kaa kimya, na pale mwisho alitaka amuone anafanya jambo moja kubwa kwa mkono wake. Ndo maana alikua anautafuta ule mwisho wa risasi.

Jana tukarudia zote mbili. Lilipofika lile sanduku nikasimamisha nikamkumbusha kikao cha sizoni ya tatu, akashika kichwa. Tukaendelea. Pale Walt anamsogezea bastola, Jesse anamwambia sema unataka hivi, Walt anakubali kwamba anataka, na Jesse anaiacha chini anamwambia fanya mwenyewe. Kaka akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema tena rudisha. Akakaa muda, halafu akaniambia, "Hii nayo ilikua amri ya mwisho, na hii ndo ameikataa." Sikujibu kitu wakuu, nilimuangalia tu.

Lile toleo la kabatini hajalitaja tena. Ila bado anasema Walt hakustahili kufa vile, na hapo Kapteni una mwenzako.

Kapteni_Usiku

Msalimie sana huyo kaka. Amri ya mwisho... nimeiangalia mara sita na sikuwahi kuiona hivyo.

Nyuki_Mweusi

Mchokoze na hili. Gilligan alishaeleza kwamba Walt alikwenda kule kwa kina Jack, wale wauaji waliomfunga Jesse, akiwa na nia ya kumuua na Jesse pia, alidhani Jesse anashirikiana nao kupika. Alipomuona ndo akabadilika. Na ile risasi iliyomuua yeye ni ya mtego wake mwenyewe.

Binti_Sebuleni

Nimemsomea sasa hivi, yuko hapa pembeni. Anauliza amebadilika sekunde gani? Anasema hajaona mahali popote Walt anaposhtuka.

Nyuki_Mweusi

Usimuangalie mdomo. Jesse akiletwa na minyororo yake, kabla Walt hajamrukia wakaanguka chini, kuna muda anamtazama kutoka miguuni mpaka usoni na hasemi kitu. Muangalie macho tu hapo.

Binti_Sebuleni

Tunarudisha. El Camino itasubiri kesho.