Lita 85 au 105 kwa mawimbi ya Nyali?

PweziMkaidi: Wadau, kuna mtu anauza mbao mbili za kuteleza majini kwa tanga (windsurf), zilizokwisha tumika na kanipa hadi Jumamosi niamue. Mmoja ni wa mawimbi, ujazo lita 85, mapezi matatu chini yake. Mwingine lita 105, pezi moja la sentimita 28. Bei ni ileile. Nataka kucheza mawimbi Nyali. Nibebe upi?

Joshi_Kali: Uzito wako? Tanga ukubwa gani? Kuanzia majini, yaani tanga likuinue kutoka majini hadi ubaoni, unaweza, au bado wasimama juu ya ubao ukivuta tanga kwa kamba? Bila hayo ni kupiga ramli.

PweziMkaidi: Samahani. Kilo 82, tanga moja la mita za mraba 5.3. Kuanzia majini naweza upepo ukiwa mkali tu.

Joshi_Kali: Basi 105, hakuna mjadala. Lita moja hubeba kilo moja. Wewe 82, ubao kama 7, tanga na mlingoti wake 8: jumla 97. Ule wa 85 utakuzamisha upepo ukilegea, na kaskazi hulegea sana asubuhi.

Demani: Mjadala upo! Lita 105 kwenye wimbi ni kama kupanda mlango. Na hilo pezi la 28 ni balaa. Likigota kwenye tumbawe, ubao husimama papo hapo, wewe na tanga mnaendelea na safari, mlingoti unashuka na kupasua pua ya ubao. Yale matatu huwa mafupi, la kati kama 17, yanapita. Chukua 85, ongeza tanga la 4.7, ngoja kusi ya Julai.

Joshi_Kali: Pezi hubadilishwa kwa skrubu. Lita hazibadilishwi.

Bamvua: Nyote mmesahau maji. Wakati wa bamvua (maji makuu) Mombasa, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ingia maji yakiwa yanajaa, rudi kabla hayajapwa sana, maana yakipwa wimbi huvunjikia juu ya mwamba wenyewe.

Tena kabla ya pezi, kagua kile kiungo cha mpira chini ya mlingoti, kinachouunga na ubao. Kipinde kwa mkono: ukiona nyufa nyembamba, tupa. Kikikatika nje ya mwamba, tanga hujaa maji na kuwa zito kama nanga, na kusi yakusukuma upande wa Bamburi huku mawimbi yanakuleta mwambani. Hapo usiuache ubao hata kidogo, ndio boya lako. Fungua tanga, likunje kwenye mlingoti, lala juu ya ubao upige makasia kwa mikono kuelekea mlango wa mwamba. Tanga likikushinda, liache liende. Mwenye kamba ya akiba mita 2 kiunoni hufunga kiungo na kurudi taratibu.

Kaiti_Tu: Uza yote, nunua kaiti, kile kishada cha kukuvuta majini. Unabeba mgongoni, unapanda matatu.

Demani: Ikianguka kwenye wimbi na kamba zikuzunguke miguu, utatuambia.

Joshi_Kali: Turudi kwa mnunuzi. Bonyeza kwa dole gumba mahali visigino vinapokaa. Pakibonyea, tabaka zimeachana ndani. Gonga kwa sarafu ubao mzima: mlio ukibadilika kutoka mkavu kuwa mzito, pana tatizo. Upime kwa mizani pia, 105 ukipita kilo 9 huenda umekunywa maji.

PweziMkaidi: Nimetoka kuutazama. Ule wa 105 umezibwa puani, kiraka cha kiganja. Muuzaji asema ni fundi wa mashua aliuziba.

Bamvua: Kwa gundi ya epoksi au ya poliesta? Mafundi wa mashua hutumia poliesta, na poliesta huyeyusha lile povu jeupe la ndani. Juu pang'ara, chini shimo.

PweziMkaidi: Sikuuliza. Ni ya manjano kidogo, ina harufu kali.

Demani: 85, kaka.

Joshi_Kali: Harufu bado? Kiraka cha lini? Na mlingoti umo kwenye bei?