Niligeuzwa njiani Kilimanjaro, nataka kurudi: naombeni ushauri

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa nane nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, safari ya siku tano. Nina miaka 34, nakimbia kilomita kumi mara tatu kwa wiki hapa Dar, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, nilikuwa mzima. Horombo, kituo cha pili, kichwa kikaanza kugonga, nikanyamaza nikiogopa kurudishwa. Kibo, kituo cha mwisho, mita 4,720, hata supu haikupita kooni.

Usiku wa manane tukaanza ile changarawe: unapiga hatua, unateleza nusu yake. Kwenye pango la Hans Meyer nikatapika, kisha nikaanza kuyumba. Kiongozi wetu akachora mstari kwa fimbo kwenye vumbi, akaniambia nitembee juu yake, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu nikaenda upande. "Kaka, tunashuka." Nililia. Asubuhi Horombo nakunywa uji kama si mimi niliyekuwa naumwa.

Sasa nataka kurudi. Niongeze mazoezi, au mwili wangu tu haupatani na mlima? Mke wangu hataki hata kusikia.

Mpagazi wa zamani
Pole mdogo wangu. Huyo kiongozi mshukuru sana. Nimebeba mizigo mlimani miaka kumi na moja: nimeona vijana wa mazoezi wakishushwa kwa machela, na akina mama watu wazima wakipiga picha kileleni Uhuru, mita 5,895, kwa sababu walitembea kama wanasindikiza mgonjwa. Tatizo lako si pumzi za mbio, ni siku. Ongeza moja, ulale Horombo mara mbili. Ile siku ya katikati panda hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks na zaidi kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi, kisha rudi kulala. Panda juu, lala chini.

Muuguzi
Kilichonitisha ni kule kunyamaza. Kichwa kikiuma huko juu, sema siku hiyohiyo. Kuyumba ni dalili kwamba ubongo unaweza kuwa umeanza kuvimba. Hapo hakuna kusubiri kukuche, ni kushuka. Kuna dawa ya asetazolamidi, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakukojoza na vidole vitachonyota. Na usije ukaimeza ili ufiche dalili uendelee kupanda!

Dada wa Arusha
Kaka, anza na Mlima Meru, mita 4,562. Unalala kituo cha Miriakamba, kisha cha Saddle, na askari mwenye bunduki yuko nanyi kwa ajili ya nyati. Mimi ndiko nilikojua mwili wangu unavyofanya. Halafu usiku wa kilele pindua chupa ya maji kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Mrija wangu wa kunywea maji uliganda, nikakaa na kiu saa nne nzima.

Mleta uzi
Asanteni sana, mmenifungua macho. Meru nitaenda mwezi wa kumi na mbili. Mama watoto amesoma jibu la Muuguzi mara mbili, akaniuliza swali moja: safari hii nani atakuchorea huo mstari? Nimempigia yule kiongozi. Mwezi wa pili ana nafasi, siku sita.