Nikeli na kinywe: mgodi ukiitwa wa kijani basi maswali yameisha?

Wakuu habari. Mwaka 2017 wakati wa sakata la makinikia (ule mchanga wa madini uliokuwa unasafirishwa nje), ukitaja mgodi pale kijiweni watu wanakunja sura, wezi hao, wametuachia mashimo. Leo taja nikeli ya Kabanga kule Ngara au kinywe (grafiti) cha Mahenge kule Morogoro, yote madini ya betri, jamaa wale wale wanakwambia hii ni nishati safi bana, dunia inahamia magari ya umeme, tuchimbe fasta. Imani hii imetoka wapi ghafla hivi?

Sipingi mgodi. Betri nyingi za magari ya umeme bila kinywe haziendi, gari moja linakula makumi ya kilo, na toka sheria ya madini ibadilishwe 2017 serikali inapewa si chini ya asilimia 16 ya hisa bila kulipia, afadhali kuliko enzi zile. Kinachonikera ni hili neno "kijani" kugeuzwa kofuli la kutufunga midomo.

Shangazi yangu alihama kupisha mgodi wa dhahabu huko kanda ya ziwa, sitautaja. Wathamini walikuja wakampiga picha mbele ya nyumba yake kashika kibao cha namba kama mfungwa, wakahesabu migomba na mikahawa, wakamwambia kuanzia leo usipande kitu kipya. Misimu mitatu mama wa watu anaangalia shamba linaota magugu, hela inakuja kutoka viwanja vya mjini vishapanda bei zaidi ya mara mbili. Angeambiwa madini yanaenda kwenye betri badala ya kwenye mkufu, magugu yasingeota?

Karibuni.

---

Pole ya shangazi mkuu ila unachanganya mafaili. Nikeli mpango ni kusafishiwa hapa hapa Kahama, pale ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, na kwenye kusafisha ndio kuna hela. Kinywe cha betri dunia nzima karibu chote kinapitia China, sisi tukikaa tunabishana migomba wenzetu Msumbiji wanapakia meli, mgodi wao wa Balama ulianza kitambo.

---

Mimi dereva wa lori, napiga Dar–Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo. Wakongo wana zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, nayo ni madini ya betri, na mwezi wa pili 2025 walisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imelala chini kabisa, kwa hiyo msidhani ukiwa nayo ndio umeshatajirika. Usiku nimepaki Kolwezi nasikia jenereta tu, mtaa mzima giza, na asubuhi kabla sijanywa chai naona watu wanapita na viroba vya mawe begani. Umeme wa hiyo gari ya mzungu kwao haujafika.

---

Dereva asante, hiyo ya jenereta ndio nilikuwa naitafuta.

Mkuu wa Kahama, hilo la kusafisha nakubali, hapo umenishinda. Lakini kiwanda kitakuwa Kahama na anayepisha mgodi yuko Ngara, si pua na mdomo hapo, ajira za kiwandani atazisikia redioni. Mimi swali langu bado la kishamba sana: akishaambiwa asipande, ule msimu wa kwanza anakula nini, na nani anamlipa?