Naomba ushauri: nifute akiba ya kivinjari bila kupoteza nywila?

Mwalimu wa Zamu: Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ratiba ya mitihani kwenye tovuti ya shule yetu ilibadilishwa juzi, lakini laptop yangu, ninayotumia Chrome, bado inanionyesha ya zamani, ilhali simu ya mwenzangu inaonyesha mpya. Nimeshauriwa nifute kila kitu kwenye kivinjari. Nasita, kwa sababu nimehifadhi humo nywila nisizozikumbuka, na bando langu ni la kuungaunga.

Fundi wa Mtaani: Mwalimu, usifute kila kitu. Kivinjari hutunza kwenye diski nakala za picha na faili za kurasa ulizotembelea ili kisizipakue tena (hiyo ndiyo akiba yenyewe), na nakala iliyopitwa na wakati ndiyo inayoweza kukuonyesha ratiba ya zamani. Fungua ukurasa huo, kisha ubonyeze Ctrl na F5 kwa pamoja, nao utapakuliwa upya peke yake. Ikishindikana, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, uchague muda wote, na uache tiki kwenye picha na faili za akiba pekee.

Bi Mkutubi: Naongezea hapo kwenye tiki. Kufuta vidakuzi (cookies, yaani vifaili ambavyo tovuti hukukumbukia) hakufuti nywila zilizohifadhiwa, lakini hukutoa kwenye akaunti zako, na asiyekumbuka nywila yake huanza kuhangaika hapo. Kabla ya yote, fungua ukurasa huo katika hali fiche (Incognito), yaani dirisha la faragha la Chrome, ambalo halitumii akiba ya kawaida. Ukiona ratiba ni ileile ya zamani, huenda tatizo haliko kwenye kompyuta yako, na kufuta hakutakusaidia.

Fundi wa Mtaani: Bi Mkutubi amenena. Na kuhusu bando, akiba ndiyo inayokuokolea. Wanaoifuta kila siku wakidai wanasafisha kompyuta (nao ni wengi) hulipia kupakua mambo yaleyale.

Mwalimu wa Zamu: Nashukuru sana. Hali fiche imeonyesha ratiba mpya, nikarudi kwenye Ctrl na F5, ambayo mwanzoni ilipunguza tu mwanga wa kioo mpaka nilipoishika na Fn. Sijafuta chochote. Kumbe mtihani wa Jumatatu ni saa 2 asubuhi, nami nimekwisha kuwatangazia wanafunzi saa 4. Kesho paredi nitaanza kwa kuwaomba radhi.