Mustang GT, Camaro SS au Challenger: nichukue ipi?

MtuWaTanga (Houston)
Wakuu, heshima kwenu. Nimejikusanya, nataka gari la Kimarekani la V8, yaani silinda nane, lililotumika, gia ya mkono. Zimebaki tatu: Ford Mustang GT ya 2018 kuja juu, Chevrolet Camaro SS ya 2016 kuja juu, na Dodge Challenger Scat Pack, ile yenye injini kubwa. Moyo uko kwa Challenger, ila kila ulinganisho ninaosoma unaiburuzisha mkia. Mnasemaje?

KonaKali
Camaro, hakuna mjadala. Injini ya LT1 ya lita 6.2, nguvu za farasi 455, na chasisi yake ni ndugu wa Cadillac ATS. Hiyo Challenger yako ina uzito karibu kilo 1,900, na chini imebeba asili ya Mercedes za zamani. Kona ya kwanza tu utaanza kusoma dua.

BiMkubwaV8
KonaKali hajakwambia kwamba ukiwa ndani ya Camaro nje huoni. Vioo vyembamba, nguzo nene, kurudi nyuma ni kubahatisha. Siti ya nyuma ni ya kuwekea mkoba. Challenger mimi napakia watoto, buti linameza masanduku, na ile injini yake ya HEMI ya lita 6.4, farasi 485, nikiiwasha alfajiri mtaa mzima unajua nimeamka. Tangu lini gari la misuli likapimwa kwa kona? Na halitengenezwi tena, kiwanda cha Brampton, Kanada, walifunga hesabu Desemba 2023. Hizi Dodge Charger mpya za umeme zenye mlio wa spika, wabaki nazo.

Wa_Ngara
Mimi niko Nairobi, sina anasa ya kuchagua. Usukani wa kushoto hausajiliwi huku, na kati ya hizo tatu ni Mustang tu iliyotoka kiwandani ikiwa na usukani kulia, kuanzia kizazi cha 2015. Tunazitoa Uingereza. Sijuti hata kidogo: ile 5.0 inapanda hadi mizunguko 7,400 kwa dakika, raha yake iko huko juu. Gia yake ya mkono ndiyo yenye lawama, ukiharakisha inagoma kuingia.

Abu_Mutrah (Muscat)
Ndugu yangu, huku kwetu zote tatu zimejaa. Chukua unayoipenda, lakini HEMI isikilize ikiwa baridi. Ukisikia inagonga tik-tik, huenda ni boliti za manifoldi ya ekzosi, bomba la kutolea moshi kwenye injini, zimekatika, hilo dogo. Ikiwa ni tapeti imeanza kula kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, wallahi mwachie mwenyewe. Na hapo Houston jihadhari na zilizozama kwenye mafuriko, inua zulia unuse.

MtuWaTanga
Shukrani sana. Jumamosi naenda kuangalia Scat Pack ya zambarau. Bima wamenitajia bei, nikaomba wairudie. Sheikh Abu, nitajuaje kama kweli iko baridi?

Abu_Mutrah
Ukifika tu, fungua boneti, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, muuzaji kakutangulia kuiwasha. Mwambie utarudi jioni, na ufunguo usiguswe.