Straika kuhama timu kila msimu: hana utulivu au ndiyo kazi yenyewe?

Mzawa wa Nyamagana

Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu anacheza namba tisa, ana miaka 24, sasa hivi yupo Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Shida ni kwamba huyu dogo hakai. Alianza timu ya hapa hapa Mwanza, akaenda Mbeya, dirisha dogo wakamtoa kwa mkopo Kigoma, kurudi akakuta kocha aliyekuwa anamtaka kashatimuliwa na aliyekuja hamjui hata jina. Sasa kuna timu ya Burundi inamtaka, nyumbani kumechafuka. Bro mkubwa anasema ukiona straika anahama hama ujue hafungi huyo, angekuwa anafunga wangemng'ang'ania. Bi mkubwa anauliza kila siku huyu ataoa lini kama nguo zake zinaishi kwenye begi.

Mimi nipo katikati. Mabao anatupia, siyo mengi kivile lakini anatupia. Nauliza wadau mnaoujua mpira kwa ndani, straika wa kuzunguka timu timu anafika wapi? Kuna aliyefanya hivyo maisha yake yote na akawa mtu? Msinijibu kwa matusi tafadhali.

---

Kijiwe Tandale

Mwambie bro mkubwa amtafute jamaa anaitwa Sebastián Abreu, wenyewe wanamwita El Loco, yaani chizi. Mruguay, mrefu 1.93, nywele mabegani, jezi namba 13. Huyu kacheza timu zaidi ya 30 kwenye nchi 11 na sizungumzii ndondo, nazungumzia mikataba ya kulipwa. Uruguay kwao, Argentina, Hispania, Brazil, Mexico, Israel, Ugiriki, Ecuador, Paraguay, El Salvador, Chile. Desemba 2017 aliposaini Audax Italiano ya Chile ikawa timu yake ya 26 na Guinness wakamwandika, kabla yake rekodi ilikuwa ya kipa mmoja Mjerumani, Lutz Pfannenstiel, timu 25. Na hapo Abreu hakuacha, akaendelea mpaka Juni 2021 akiwa na miaka 44.

Sasa kwa hesabu ya bro mkubwa huyu alikuwa garasa. Garasa mwenye mechi 70 na mabao 26 timu ya taifa ya Uruguay? Ile yenye Forlán, Suárez na Cavani? Alikuwemo hata kwenye kikosi kilichobeba Copa América 2011.

Na wote hapa mnamjua ila mmemsahau. Julai 2010, Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, Soccer City, Ghana na Uruguay robo fainali, usiku ule Afrika nzima tulilala na hasira. Suárez kadaka mpira kwenye mstari, Gyan kagonga mwamba, tukaenda matuta. Mensah kakosa, Adiyiah kakosa, anakuja mtu wa mwisho wa Uruguay, akifunga wameenda nusu fainali. Ndiyo Abreu huyo, aliingia kipindi cha pili kumpokea Cavani. Anakimbia kama mtu anayetaka kuupasua mpira, Kingson anaruka pembeni, jamaa anauchokonoa kwa chini taratiiibu, mpira unapanda unashuka katikati ya goli pale pale kipa alipokuwa amesimama. Nilimtukana sana siku ile. Lakini jiulize, roho ya kupiga vile kwenye mechi ile inatoka wapi? Miezi michache nyuma, Aprili, alishafanya hivyo hivyo kwenye mechi ya ubingwa wa Rio akiwa na Botafogo dhidi ya Flamengo. Mtu kashapiga penalti mbele ya mashabiki wa kila aina, wanaomshangilia na wanaomzomea, wengine hata lugha yao haelewi. Wa kumtisha nani?

Yaani kuhama siyo ugonjwa. Timu ikikosa mabao Desemba hainunui beki, inanunua straika, na inamtaka aliyeiva tayari, aje wiki ijayo afunge. Straika wa kuzunguka anaajiriwa kuzima moto. Moto ukizimika au ukishindikana, anafungasha.

---

Damu ya K'Ogalo

Niaje wakubwa. Hapa mbona mnaenda mpaka Uruguay na tuko na Meddie Kagere, straika wa Rwanda? Huyu jamaa alianza Uganda, akacheza Rwanda timu kadhaa, akaenda Tunisia, akaenda Albania huko KF Tirana, ndio akatua kwetu Gor Mahia 2015. Ule mwaka tulibeba ligi bila kupoteza mechi hata moja. Watu hapa Nairobi walikuwa wanasema huyu ni wa kupita tu. Sawa, alipita, lakini alipita akifunga.

2018 fainali ya kombe la SportPesa hapo Nakuru tukawapiga Simba 2-0, Kagere akiwa kwa scoresheet, na hapo hapo Simba wakamchukua. Hiyo ndio siri ya straika msafiri, ukitaka timu ikununue ifunge. Msimu wa kwanza Bongo mabao 23, wa pili 22, mfungaji bora mara mbili mfululizo. Na siku ile Simba walipiga Al Ahly 1-0 hapo Dar Februari 2019 nani alifunga? Mnajua wenyewe. Nikiwa hapa Kenya niliona vijana wa mtaa wakiziba jicho moja kama yeye na walikuwa bado na machungu juu alituacha.

Sasa mwenye uzi, angalia hii. Kagere akiwa Albania hakuna mtu huku alikuwa anamtaja. Kama angesikiza watu wa nyumbani angekaa Kigali akuwe shujaa wa mtaa. Burundi sio mbali, dogo aende.

---

Mdau Asiyependa Stori

Wakuu tusidanganyane. Mnamtajia mtu Abreu na Kagere kwa sababu hao ndiyo walifanikiwa. Kwa kila Abreu mmoja kuna vijana kibao waliozunguka timu tano sita wakarudi mtaani na goti bovu, na hao hakuna anayewafungulia uzi.

Halafu kuhama kuna aina zake. Kuna anayehama kwa sababu anagombaniwa, na kuna anayehama kwa sababu ametemwa. Anelka, yule straika Mfaransa, kapita PSG, Arsenal, Real Madrid, Liverpool, Man City, Fenerbahçe, Bolton, Chelsea, China, Juventus, West Brom, mpaka India. Arsenal walimchukua 1997 kwa pauni laki tano, 1999 wakamuuza Madrid kwa zaidi ya milioni 20. Msimu wa kwanza tu kabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya, miaka baadaye akiwa Chelsea anakuwa mfungaji bora England, mabao 19. Ukimwona yule unasema hana utulivu, sawa, lakini karibu kila alipotoka kuna mtu alilipa hela ndefu. Je dogo wako kuna timu imewahi kulipa timu nyingine hata shilingi kwa ajili yake, au anaondoka bure kila mara mkataba ukiisha? Hilo ndilo swali, siyo idadi ya timu.

Na Samatta nisimsahau maana mtaniletea. African Lyon, Simba, Mazembe, Genk, Villa, Fenerbahçe na kuendelea. Lakini angalia, Mazembe alikaa karibu miaka mitano, Genk minne. Alikaa akakomaa kwanza, ndiyo akaanza kuzunguka. Dogo wa miaka 24 mwenye nusu nusu msimu kila mahali kocha hata hajui anacheza vipi.

---

Kijiwe Tandale

@Mdau Asiyependa Stori hapo kwa Samatta nakupa. Lakini hiyo ya nusu msimu haiko kwa mchezaji peke yake. Mexico kwa mfano wana ligi mbili ndani ya mwaka mmoja, Apertura na Clausura, kila moja na bingwa wake. Ndiyo maana Abreu pale kacheza timu saba hivi: Tecos, Cruz Azul, América, Dorados, Monterrey, San Luis, Tigres. Na huko Dorados, timu ya Culiacán, 2006 alikuwa anacheza na Pep Guardiola! Kocha wao Juan Manuel Lillo. Guardiola kiungo, Abreu mbele, na bado wakashuka daraja hahaha. Kwa hiyo msimlaumu straika kila timu ikizama.

---

Beki Mstaafu

Nimesoma wote. Mimi nilikuwa beki ila nimelala chumba kimoja na mastraika wengi kambini kwa hiyo naongea nilichokiona.

Straika ana presha ambayo sisi mabeki hatuna. Beki ukicheza vibaya mechi nne unaweza kujificha nyuma ya mwenzako, straika asipofunga mechi nne jina lake linaimbwa jukwaani na siyo kwa uzuri. Nilikuwa na mwenzangu mmoja alikuwa hafungui begi. Yaani tunafika kambini wote tunatundika nguo, yeye anatoa bukta, ndala na mswaki, zipu anafunga, begi linarudi chini ya kitanda. Namuuliza vipi, ananiambia nikifunga tano ndiyo nitatundika. Msimu ule alifunga saba na hakutundika, kazoea.

Sasa tuongee yenye faida maana mwenye uzi kauliza kitu cha maana. Kabla hamjabishana aende asiende, someni karatasi.

Kwanza mjue kanuni ya FIFA, ndani ya msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa timu tatu lakini mechi za mashindano anacheza za timu mbili tu. Mmesema alitoka Mbeya kwa mkopo kwenda Kigoma. Kama yote mawili ni msimu huu na amecheza pote, basi akienda Burundi kabla msimu haujaisha anaweza kukaa jukwaani analipwa posho ya kutazama. Ligi zenye kalenda tofauti zina utaratibu wake, ndiyo maana timu inayomtaka iulize kwenye shirikisho lao mapema na ITC, ile hati ya uhamisho wa kimataifa, iombwe, siyo dogo anapanda basi halafu mambo mengine yatajipa.

Pili, mkataba wake wa sasa unaisha lini? Ukibaki miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na timu nyingine ya nje kwa ajili ya baadaye. Hiyo ni haki yake, viongozi wengi hawapendi mchezaji aijue.

Tatu mshahara. Hapa ndipo mastraika wengi wanaozunguka wanapoumia, na mimi limenikuta. Timu moja sitaitaja ilikaa na hela zangu nikaondoka kimya kimya kwa hasira, sikuandika hata barua, nikawa nimeiachia faida. Kanuni inasema timu ikikudai, samahani, ikidaiwa na wewe mishahara miwili ya mwezi, unaiandikia, unaipa siku 15 ilipe. Isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Lakini ni kwa maandishi. Siyo wasapu ya sauti unalia saa nne usiku. Na ukiondoka bila hiyo barua wanaweza kukugeuzia kibao waseme wewe ndiye umetoroka.

Nne, dogo ana wakala? Yupo anayejua mpira au ni mtu wa mtaani mwenye simu mbili?

---

Mzawa wa Nyamagana

Beki Mstaafu Mungu akubariki sana. Nimempigia dogo muda huu. Kumbe Mbeya ilikuwa msimu uliopita mpaka dirisha dogo, Kigoma ikamalizia msimu ule ule, msimu huu kacheza hapa alipo tu. Mkataba unaisha mwisho wa msimu. Mishahara anadai mmoja na nusu. Wakala hana, anayeongea na Warundi ni mchezaji mwenzake aliyewahi kucheza huko Bujumbura.

@Mdau jibu la swali lako ni hapana, hakuna timu iliyowahi kulipa. Imeniuma kidogo ila ni kweli.

Nikamuuliza na hili la kutulia, akaniambia bro mimi sijawahi kuomba kuondoka hata timu moja. Nikakosa la kusema.

---

Damu ya K'Ogalo

Sasa hiyo ndio answer ya bro mkubwa. Anafikiria ni dogo anahama, kumbe ni kuhamishwa.

---

Mdau Asiyependa Stori

Sawa hapo nimelainika kidogo. Lakini basi mkataba wa Burundi usiwe wa nusu msimu. Aombe miaka miwili hata kama mshahara ni mdogo kuliko anaoahidiwa. Akifunga, mwenye kumtaka atalazimika kulipa, na hapo ndipo thamani ya straika inaanza kuandikwa. Kagere huyo huyo mnayemsifia, Simba walimpa muda, na hata mabao yalipopungua na kina Mugalu walipokuja bado alikuwepo mpaka 2022 ndiyo akaenda Singida, baadaye Namungo.

---

Beki Mstaafu

Naunga mkono miaka miwili. Na kwenye mkataba waandike nyumba ni ya nani kulipa, tiketi ya kurudi likizo, na akiumia mazoezini nani anatibu. Hiyo ya matibabu msikubali ya mdomo. Goti la straika likienda, mwenyekiti aliyekuwa anakupigia simu kila asubuhi hapatikani tena.

Halafu mwambie adai ule mmoja na nusu wake kwa barua wiki hii hii, akabidhi ofisini wamsainie nakala ya kupokea. Wakiupitisha mwezi huu bila kulipa tayari inakuwa zaidi ya miwili. Nitumie PM nikupe mfano wa barua niliyoandikiwa na mwanasheria baada ya yale yangu.

---

Mzawa wa Nyamagana

Nimekutumia PM mkuu. Dogo anauliza nakala asaini katibu au yule dada wa mapokezi inatosha?

---

Beki Mstaafu

Yeyote wa ofisini, ila pawe na muhuri na tarehe. Na asiende peke yake.